Joto hupandisha presha au huishusha? Jibu kwa mwalimu wa Kisauni

Swali: Shikamoo mzee wangu. Mimi nasomesha watoto wa sekondari masomo ya jioni hapa Kisauni. Kwenye fizikia nawaambia gesi ikipata joto presha yake hupanda. Kwenye jiografia nawaambia mahali penye joto presha ya hewa huwa ndogo. Juzi mwanafunzi mmoja akanibana: "Mwalimu, sasa tushike lipi?" Sikuwa na jibu. Pili, mbona hapa kwetu mchana upepo hutoka baharini na alfajiri hutoka bara, lakini kusi na kaskazi hazifuati saa, zafuata miezi? Tatu, simu yangu ina kipimo cha presha ya hewa, na kila siku ikikaribia saa kumi alasiri naona namba imeshuka. Je, huo ndio upepo wa bahari?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Huyo mwanafunzi mpe heko, kwani wapo watu wazima wanaosikiliza utabiri wa hali ya hewa kila jioni na hawajawahi kuliuliza hilo. Maneno yako yote mawili ni ya kweli. Kilichokosekana ni kusema kama hewa tunayoizungumzia imefungiwa au iko wazi.

Iliyofungiwa ni rahisi. Tuktuk imeegeshwa juani, na hewa ndani ya gurudumu lake imetoka nyuzi 27 za Selsiasi ikafika nyuzi 57. Kwa kelvini, yaani nyuzi za Selsiasi ukiziongeza 273, hiyo ni kutoka 300 hadi 330, nyongeza ya asilimia 10. Gurudumu halitanuki kwa kiasi cha kutajika, kwa hiyo molekuli zilizo ndani hukimbia kwa kasi zaidi na kuzigonga kuta mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi, na mgandamizo kamili wa ndani, yaani presha yote, nao hupanda kama asilimia 10. Hiyo ndiyo sheria unayoifundisha kwenye fizikia, na haina ubishi.

Anga haina kuta wala kifuniko. Mgandamizo wa hewa unaopimwa hapa chini ni uzito tu wa hewa yote iliyo juu yako, kutoka unyayoni hadi hewa inapokwisha. Juu ya kila mita mraba ya mchanga wa Nyali pamebebwa hewa ya takriban tani 10. Ndio mgandamizo ule wa hektopaskali 1013 (hektopaskali ni kizio cha kupimia mgandamizo) unaotajwa kuwa wastani wa usawa wa bahari duniani. Sasa tuipashe joto nguzo hiyo ya hewa. Itafutuka, na kwa kuwa chini pana ardhi na pembeni pana hewa nyingine, itafutuka kwenda juu. Uzito wake je? Godoro la sufi ukilianika juani mchana kutwa hufura, lakini sufi iliyomo ni ile ile, haikuongezeka wala haikupungua. Na hewa ni vivyo hivyo. Kufikia hapa nguzo imerefuka, imekuwa nyepesi kwa kila mita ya ujazo, lakini kipimo kilichoko chini yake hakijasogea.

Hatua hii ndiyo vitabu vingi huiruka. Vinasema hewa ya moto hupanda, ikaacha pengo, kisha hewa baridi ikaja kulijaza. Sentensi hiyo siipendi. Hakuna pengo linaloachwa popote, na mtoto mwenye akili akiuliza "pengo liko wapi, mbona sisi tulio chini yake tunapumua?" mwalimu atakosa la kusema. Tena sentensi hiyo inaanza hadithi mwishoni. Mambo huanzia juu.

Chukua nguzo mbili za hewa, moja juu ya Kisauni na nyingine juu ya bahari nje ya mwamba. Tuseme chini zote zina hektopaskali 1010. Katika kilomita ya kwanza, hewa ya baharini ina wastani wa nyuzi 27, ya bara ina nyuzi 31. Hewa yenye ubaridi imeshikana zaidi, kwa hiyo ukipanda nayo unaacha uzito mwingi chini yako haraka, na mgandamizo hushuka upesi. Kwenye hewa yenye joto mgandamizo hushuka polepole. Ukikokotoa, kwenye kimo cha mita 1000 utapata hektopaskali 901 na ushei juu ya bahari, na 902 na nusu juu ya bara. Chini wako sawa, lakini juu bara imezidi kwa hektopaskali 1 na kitu. Hewa ya huko juu basi huanza kutiririka kutoka bara kwenda baharini.

Hapo ndipo mzani unapobadilika. Nguzo ya bara imepoteza hewa yake ya juu, uzito umepungua, mgandamizo wa chini umeshuka. Nguzo ya baharini imeongezewa, mgandamizo wake wa chini umepanda. Sasa huku chini bahari ndiyo imezidi, na hewa ya usawa wa mawimbi huanza kuja bara. Huo ndio upepo unaokupiga usoni saa nane mchana. Nimezipanga hatua hizi moja baada ya nyingine ili zieleweke. Angani huenda pamoja, na hazisubiriani. Mwambie mwanafunzi wako hivi: joto halipunguzi mgandamizo lenyewe, linaifukuza hewa kule juu, na kule kuondoka kwa hewa ndiko kunakoupunguza.

Watoto watasema hektopaskali 1 kati ya 1010 ni kitu gani. Wape hesabu. Tofauti ya hektopaskali 1 ikitandazwa kwenye kilomita 50 huisukuma hewa kwa mchapuko wa kama mita 0.0017 kwa sekunde mraba. Ni kidogo mno, lakini iache ifanye kazi kwa saa moja bila msuguano na hewa itakuwa inakwenda kilomita 22 kwa saa. Minazi, nyumba na ardhi huipunguza, lakini unaona mwenyewe kwamba upepo hauhitaji tofauti kubwa. Kwenda juu, tofauti hiyo hiyo ya hektopaskali 1 unaipata kila ukipanda mita 8 au 9, na bado hatupeperushwi kwenda mbinguni, kwa sababu msukumo huo wa kwenda juu unalingana na uzito wa hewa unaoivuta chini. Tofauti za ubavuni ndizo zisizo na wa kuzizuia.

Kwa nini bara ipate joto kabla ya bahari, hilo nalipita haraka maana naamini unalifundisha. Kilo moja ya maji huhitaji joto la zaidi ya mara nne ya kilo ya mchanga mkavu ili ipande nyuzi moja. Mwanga wa jua hupenya mita kadhaa ndani ya maji badala ya kuishia juu, mawimbi huyachanganya, na mengine hugeuka mvuke na kuondoka na joto lake. Ndiyo maana mchanga wa adhuhuri hauwezi kuukanyaga pekupeku, na maji yaliyo hatua kumi mbele yako yana joto karibu lile lile la asubuhi. Usiku mchanga hulitoa joto lake upesi, bahari ikabaki nalo, na mzunguko wote hugeuka: chini hewa hutoka bara. Pepo hizo za kutoka bara, ziitwazo umande, ni dhaifu kuliko za mchana, kwa sababu tofauti ya joto usiku ni ndogo na hewa iliyopoa hulala chini bila kufika mbali juu. Lakini zatosha kuitoa mashua ya mvuvi mkondoni alfajiri, na mchana upepo wa bahari ukairudisha.

Usishangae kama kuna siku umande hausikiki kabisa. Mwezi wa Juni na Julai kusi hupiga kwa nguvu kiasi cha kuufunika. Tofauti utakayoiona ni kwamba asubuhi upepo umeelekea kutoka kusini magharibi na ni wa pole, na mchana umehama kuja kutoka baharini na umeongezeka. Upepo wa Mombasa kwa saa yoyote ni jumla ya pepo mbili, wa siku na wa msimu. Wanafunzi wakitaka kuuona wa siku peke yake, wangoje siku tulivu za tanga mbili, kipindi cha kati ya kusi na kaskazi.

Kuna jambo dogo linalohusu joto la kwetu ambalo huwa linabishiwa sana. Watu husema hewa ya Machi ni "nzito" kwa unyevu. Jasho ndilo zito. Hewa yenyewe imekuwa nyepesi. Molekuli ya maji ina uzito wa 18, wakati wastani wa hewa kavu ni kama 29, na kila molekuli ya mvuke iliyoingia imechukua nafasi ya iliyo nzito kuliko yeye. Hewa ya Mombasa ni nyepesi kwa sababu mbili, joto na unyevu, na ndiyo sababu mawingu yanapoanza kupanda hupanda kweli kweli.

Sasa kusi na kaskazi. Hapa ni lile lile la Kisauni na bahari, isipokuwa bara ni Asia nzima, bahari ni Bahari ya Hindi, na mchana ni miezi. Bahari haibadiliki upesi kwa mwaka kama isivyobadilika upesi kwa siku, na bara la Asia hupata joto kali Mei hadi Agosti na kupoa kabisa Desemba hadi Februari. Edmond Halley, yule mwanaastronomia wa nyotamkia, alichora ramani ya pepo hizi mwaka 1686 na tayari alikuwa akilitaja joto la jua kuwa chanzo chake.

Julai, mgandamizo wa chini juu ya Pakistani na kaskazini magharibi mwa India huwa chini ya hektopaskali 1000. Kusini kabisa, upande wa visiwa vya Mascarene, yaani Mauritius na Reunion, mgandamizo mkubwa hupita 1020. Kati yao ni zaidi ya kilomita 6000, na sisi tuko njiani. Hewa huanza safari kusini, na kwa kuwa dunia inazunguka, kwenye nusu ya kusini ya dunia hupindishwa kushoto kwake, basi hutufikia ikitoka kusini mashariki. Ikikaribia pwani hukutana na nyanda za juu za Afrika Mashariki zilizosimama kama ukuta, ikafuata pwani kwenda kaskazini, na baada ya kuvuka ikweta hupindishwa kulia na kuelekea India ikitoka kusini magharibi. Juu ya pwani hii, kimo cha kilomita 1 hadi 1 na nusu, hewa hiyo hukusanyika ikawa mto mwembamba wa kasi, na upande wa Somalia kasi yake huweza kupita kilomita 90 kwa saa. Mtaalamu aliyeufanya ujulikane ni Findlater, katika maandishi yake ya 1969, na mpaka leo wengine huuita kwa jina lake. Wavuvi wetu hawakuhitaji maandishi. Wanajua bahari ya Julai nje ya mwamba si ya mashua ndogo.

Mzunguko huo hujiongezea nguvu. Hewa inayovuka bahari yote hiyo hubeba mvuke, na mvuke unapogeuka mvua juu ya India hutoa joto lililofichika, karibu megajuli 2.5 kwa kila kilo ya maji. Joto hilo huzidi kuifutua hewa ya juu, hewa ya juu ikazidi kuondoka, mgandamizo wa chini ukazidi kushuka, kusi ikazidi kuvuta. Bila mvua, pepo za msimu zingekuwa dhaifu kuliko zilivyo.

Januari kila kitu kimegeuka. Bara la Asia limepoa, mgandamizo wa Siberia kwa wastani hupita 1030, na mgandamizo mdogo umehamia kusini mwa ikweta. Milima ya Himalaya huizuia baridi ya Siberia isiteremke moja kwa moja, kwa hiyo inayotufikia ni hewa ya Arabia, ya Bara Hindi na ya bahari iliyo kati yetu. Ndiyo kaskazi, iliyokuwa ikiyaleta majahazi ya Waarabu na Wahindi hapa Mombasa, na kusi ikawarudisha. Nenda uwanja wa ndege wa Moi uitazame njia kuu ya kurukia. Namba zake ni 03 na 21, maana yake imelazwa kwenye nyuzi 30 na 210 za dira, kaskazini mashariki na kusini magharibi, na ndege hupenda kutua zikiukabili upepo.

Na katikati? Aprili na tena Oktoba hadi Novemba, tofauti ya joto kati ya bara na bahari hulegea, mistari inayounganisha mahali penye mgandamizo sawa hutawanyika kwenye ramani, na upepo hukosa wa kuusukuma. Waliolipia somo hili ni Vasco da Gama na watu wake. Mwaka 1498 waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili wakiwa na rubani aliyeijua bahari, kusi ikianza, wakafika pwani ya Calicut 20 Mei, chini ya mwezi mmoja. Kurudi wakaondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi haijakomaa. Walihangaika kwenye utulivu na pepo za kuwapinga karibu miezi mitatu, wakaiona pwani ya Afrika Januari 1499, na wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye. Nahodha yeyote wa Mji wa Kale angewaambia wangoje.

Tahadhari moja kabla sijaja kwenye simu yako. Usiwaambie watoto kwamba kila mgandamizo mkubwa ni baridi na kila mdogo ni joto. Ule wa Mascarene, kwa mfano, sehemu yake kubwa ni hewa iliyopanda karibu na ikweta, ikasafiri juu, ikateremka kwenye latitudo 30. Mgandamizo mkubwa wa namna hiyo ukiwa juu ya nchi kavu, mara nyingi unakuta jangwa chini yake, na jangwa si mahali pa baridi. Joto ndilo lililoanzisha mzunguko, lakini lilianzia mbali na hapo. Kadhalika ile nguvu ya kupindisha, ya Coriolis, ina ukubwa unaotegemea latitudo: hapa kwetu nyuzi 4 kusini ni kama moja ya saba tu ya ile ya latitudo 30. Ndiyo sababu upepo wetu wa bahari huja karibu moja kwa moja bila kupinda sana, na ndiyo sababu vimbunga havipendi kukaa hapa. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilifika kisiwa cha Mafia, kusini yetu, kikafifia.

Simu, sasa. Hapana, kushuka kwa saa kumi alasiri si upepo wa bahari, au tuseme upepo wa bahari ni sehemu ndogo sana yake. Katika nchi zote za joto mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kama maji ya pwani: kilele saa nne asubuhi na saa nne usiku, bonde saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Kutoka kilele cha asubuhi hadi bonde la alasiri ni hektopaskali 2 hadi 3. Linalosababisha ni jua, si mwezi. Jua huipasha joto gesi ya ozoni iliyo juu sana na mvuke ulio chini yake, na dunia nzima hupata wimbi linalolifuata jua. Ushahidi uko kwenye simu yako mwenyewe: amka saa kumi alfajiri uitazame. Utakuta imeshuka tena, wakati bara imepoa na umande unavuma. Kama ingekuwa ni kazi ya upepo wa bahari, saa hiyo ingekuwa imepanda.

Ukitaka kuitumia simu darasani, iache mahali pamoja. Wanafunzi wakiibeba kutoka Feri ya Likoni hadi uwanja wa ndege, ulio kama mita 60 juu ya bahari, itashuka hektopaskali 7, zaidi ya mabadiliko yote ya hali ya hewa ya siku hiyo. Yuko pia yule atakayekuuliza mbona Nairobi kuna baridi na simu ya mjomba wake inaonyesha kama 830. Hiyo ni kwa sababu Nairobi iko karibu mita 1700 juu, hewa yote iliyo chini ya kimo hicho haiko juu ya kichwa cha mjomba. Wataalamu hurudisha vipimo vyote kwenye usawa wa bahari kwanza, ndipo wanapovilinganisha, na hapo Nairobi na Mombasa hukaribiana kabisa.

Kwa upepo wa bahari wenyewe, simu moja haikusaidii, kwa kuwa unahitaji tofauti kati ya mahali pawili na tofauti hiyo ni hektopaskali 1 au pungufu, ambayo simu mbili zisizorekebishwa zinaweza kukosana zenyewe. Wape vipimajoto viwili, kimoja kivulini shuleni na kingine kwenye ndoo ya maji iliyochotwa baharini saa ile ile, na kitambaa chepesi kwenye mti mrefu. Waandike kila saa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, wiki mbili za Machi, kisha warudie Julai. Waangalie kitambaa kinageuka saa ngapi ukilinganisha na saa hewa ya bara inapoipita joto bahari, na kwa nini Julai kinageuka kidogo tu.